Noti Iliyokatiza Ubeti

Mwimbaji alikuwa amefika kwenye mstari wa tatu.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imepumzika tangu asubuhi, nasi, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, tulikuwa tumekusanyika katika lupango, yaani ua, la jirani yetu kumaliza kilio, yaani matanga, cha mama yake mzazi. Bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, vilikwisha kuliwa, vikombe vya kinywaji cha munkoyo vilikuwa vikizunguka, na vijana wapiga karindula walikuwa wamepanga vyombo vyao chini ya mwembe. Kwenye viti vya mbele walikaa wazee wa ukoo, na katikati yao aliketi diwani wetu wa komini, ile serikali ya mtaa iliyo chini ya mji, ambaye sisi sote humwita konseye. Mwimbaji alimtazama, akapunguza mwendo wa vidole, akaimba:

"Konseye, maji inaingiaka mu nyumba,
batoto banalala juu ya meza,
na feza ya soko, kila siku tunalipa, ina..."

Diwani akasimama. Alitoa mfukoni noti ya faranga 20,000, akaikunjua taratibu, akaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji lililokuwa limelowa jasho, nayo ikashika. Wimbo ukageuka papo hapo. Lile neno lililoanza kwa "ina" halikufika mwisho wake, na mahali pake pakaingia "Konseye, baba ya bayatima, Mungu akulinde". Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wakapiga makofi.

Nami nilipiga makofi.

Wiki saba zimepita tangu siku ile, na neno lile lisilokwisha bado linanirudia usiku, hasa mvua inapoanza kugonga mabati. Kila mtu aliyekuwapo alijua lilikuwa linaelekea wapi. Lilikuwa "inaendaka wapi". Wimbo ulikuwa unauliza swali, tena swali la haki, na sisi tuliokuwa na hamu ya jibu ndio tuliosherehekea lilipokatizwa.

Pipa, ngozi na nyuzi nne

Kwa asiyewahi kuiona kwa karibu, karindula ni pipa la mafuta lililofunguliwa upande mmoja, likawambwa ngozi ya mbuzi, likachomekwa ubao mrefu na kuvutwa nyuzi nne. Karindula ya Jumapili ile ilikuwa na pipa la buluu lililochubuka rangi, na ngozi yake bado ilikuwa na manyoya machache ya kahawia karibu na misumari. Kabla ya kuanza, kijana aliwasha karatasi na kuipitisha chini ya ngozi ili unyevu uondoke, kisha akaigonga kwa kidole na kusikiliza, kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Mlio wake ni mzito. Mtu huupokea tumboni kabla ya kuusikia masikioni, na ndiyo maana mwimbaji wa karindula hahitaji kupaza sauti ili watu wanyamaze.

Desturi ya kumtunza mwimbaji sina ugomvi nayo. Mtu aliyeguswa na wimbo huinuka, hucheza hatua mbili tatu, huweka alichonacho, na mwimbaji humshukuru kwa jina. Wazee wetu wa gitaa walikuwa na namna hiyo hiyo ya kuishi. Mwenda Jean Bosco, ambaye mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, mji tunaouita leo Likasi, alipiga gitaa lililosikika hadi Nairobi, na Edouard Masengo akafuata njia ile ile. Nyimbo nyingi za enzi yao ziliimbwa kwa Kiswahili cha miji yetu, na zilionya, zilishauri, zilisuta. Walikula kwa wimbo, kwa hiyo siwezi kusema kwamba fedha ndiyo iliyoingiza uchafu katika muziki wetu.

Kinachonisumbua ni wakati. Noti ya shukrani huja wimbo ukiwa umekwisha kusema neno lake, au walau ukiwa umelishika barabara. Noti ya Jumapili ile ilikuja katikati ya neno, tena katikati ya silabi, kama mkono unaoziba mdomo.

Nimeona wimbo ukitekwa kwa namna nyingine pia. Utoto wangu ulikuwa wa miaka ambayo nchi yetu iliitwa Zaire, wakati wanafunzi na wafanyakazi walipopangwa kwa mistari kucheza na kuimba sifa za chama kimoja, katika kile kilichoitwa animasyo. Tulijua hatua za ngoma zile kuliko tulivyojua majedwali ya hesabu. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyethubutu kukaa. Basi nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani Jumapili ile nilijiuliza jambo ambalo hadi sasa sijalimaliza: ni lipi lililo zito zaidi, kuimba sifa kwa kuamrishwa, au kuacha swali lako mwenyewe kwa hiari, kwa noti moja, mbele ya marehemu wako?

Serikali iliyo karibu na mlango

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua siasa za mbali kwa undani wa ajabu. Mpeleke mtu yeyote kwenye kibanda cha magazeti, atakueleza ni waziri gani wa Kinshasa amegombana na nani, na kwa nini gavana fulani hapendwi na kundi fulani. Atakueleza jinsi Katanga, jimbo letu la zamani, ilivyokatwa vipande vinne mwaka 2015, na ni nani aliyefaidika na kila kipande. Lakini mwulize diwani wa komini yake ni nani, na kazi yake kisheria ni ipi. Mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka zaidi ya 20, nilikuwa sijui.

Nimesoma sheria wiki hizi. Nimeisoma usiku, kwa mwanga wa simu, kwa sababu umeme wa mtaa wetu una saa zake. Katiba ya 2006 inaitaja komini miongoni mwa maeneo yanayojitawala yenyewe, na sheria ya Oktoba 2008 inalipatia baraza la komini kazi ya kupitisha bajeti na kumsimamia mkuu wa komini, ambaye kwa sheria hiyo hiyo anapaswa kuchaguliwa na baraza, wala si kuteuliwa kutoka juu. Chaguzi za 2006, 2011 na 2018 zilipita zote bila kura ya komini. Tulichagua rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo, na mlango wa karibu ukabaki umefungwa. Ulifunguliwa tarehe 20 Desemba 2023, na hata hapo, nchi nzima, ni miji michache tu iliyopata kura hiyo, hasa miji mikuu ya majimbo. Lubumbashi ilikuwamo kwa komini zake zote saba.

Fedha nayo ina hesabu yake. Katika kila faranga 100 za mapato ya taifa, katiba inaliachia jimbo 40, tena zibaki hapo hapo zinapokusanywa. Na katika hizo 40 za jimbo, sheria ya 2008 inayapa maeneo ya chini, komini zikiwamo, asilimia 40, yaani faranga 16. Hiyo ndiyo karatasi. Kwa vitendo, fedha hupanda kwanza hadi Kinshasa, kisha hurudi kwa kiasi na kwa siku zinazoamuliwa huko. Sheria ya madini ya 2018 inalipatia eneo lenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha wake, yaani malipo ya mgodi kwa serikali, na jimbo asilimia 25. Komini yangu haina mgodi. Ina soko.

Kwa hiyo mwimbaji, ambaye sidhani kama amewahi kushika kitabu cha sheria, alikuwa ameweka kidole mahali penyewe. Komini isiyo na mgodi huishi kwa meza za soko, na swali la kwanza la siasa ya komini kama hiyo ni lile lile alilokuwa akiliimba.

Kuna jambo jingine lililonifanya niupende ubeti ule, nalo ni la mtu anayeijua historia ya mji huu. Desemba 1957, Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ilipopiga kura yake ya kwanza ya komini, kura ya wanaume peke yao, komini za Waafrika zilipata wakuu ambao wengi wao asili yao haikuwa Katanga. Mwaka uliofuata ikaundwa CONAKAT, chama cha siasa cha waliojiita wenyeji wa Katanga, na watu wakaanza kuhesabiana nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Tarehe 11 Julai 1960 kiongozi wake, Tshombe, akatangaza Katanga imejitenga. Hesabu ile ya wenyeji na wageni ilirudi tena mwaka 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya jimbo la Kasai walipofukuzwa na kulala vituoni wakisubiri treni. Nilikuwa kijana. Nilisikia nyimbo za siku zile, na sitaziandika hapa.

Mwimbaji wetu hakuuliza diwani ametoka wapi. Aliuliza fedha inakwenda wapi.

Maji yanayoingia nyumbani hayachagui kabila, na mtoto anayelala juu ya meza halali kwa lugha ya kijijini kwao. Ndiyo siasa niliyoitamani maisha yangu yote, na ilipokuja, ikiwa imebebwa na pipa la mafuta, niliisindikiza nje kwa makofi.

Kwa mwanafunzi wangu

Wiki ya tatu nilikwenda kumwona diwani.

Nilichelewa kwa sababu ya haya. Diwani huyu alikuwa mwanafunzi wangu katika darasa la nne. Bado ninaikumbuka mistari yake ya kuandika iliyokuwa ikipanda kulia kama kilima. Siku ya kura nilimpigia na nikajivunia. Njiani nilijiandalia maneno makali, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba amekula fedha ya soko, na kwamba noti ile ilikuwa kipande chake.

Alinipokea mwenyewe mlangoni kwa mikono miwili, akanipa kiti chenye mgongo na yeye akakaa kwenye kigoda. Sikujua nimwite mukubwa au mwanangu. Nikasema, "Mwanangu, siku ile ya kilio, ulimzuia kijana kumaliza wimbo."

Alikaa kimya muda mrefu. Ndani, mtoto alikuwa akijifunza kusoma kwa sauti.

"Mwalimu," alisema, "kama angemaliza, ningelazimika kujibu."

"Na jibu lako lingekuwa nini?"

"Kwamba sijui."

Aliingia ndani akatoka na daftari la shule, la kurasa 100, lenye jalada la kijani. Alikuwa ameandika humo kila kitu tangu alipoanza kazi: barua alizopeleka kuomba daftari la mapato ya soko, siku alizokwenda kulifuata, majina ya ofisi alizoelekezwa, siku alizoambiwa arudi wiki ijayo. Miezi yake ya kwanza baada ya kuchaguliwa ilipita bila mshahara wala chumba cha kukutania. Uchaguzi wa mkuu wa komini, ambao yeye na wenzake walipaswa kuufanya, uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na mkuu aliyeteuliwa kutoka juu hana haraka ya kufungua vitabu vyake mbele ya watu ambao hawakumweka. Mistari ya daftari ilikuwa bado inapanda kulia.

"Watu wanadhani ninakula," alisema. "Afadhali wadhani hivyo kuliko wajue kwamba nimekaa pale kama kiti."

Neno hilo lilinivunja maneno yote makali niliyokuja nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, na nilimkuta mtu anayeona aibu. Alikuwa amelipa faranga 20,000, ambazo baadaye alikiri alizikopa kwa shemeji yake, si ili kuficha fedha iliyopotea bali ili kuficha kwamba hajaiona kamwe. Heshima ya cheo chake ilikuwa ndicho kitu pekee alichokwisha kupokea kutoka komini, na mwimbaji alikuwa karibu kumvua.

Hata hivyo sikukubali. Nilitafakari njia nzima ya kurudi, na bado sikubali. Diwani asiyejua, akisema hadharani kwamba hajui kwa sababu amenyimwa daftari, amewapa watu habari kubwa kuliko hotuba kumi: amewaonyesha mlango uliofungwa na mtu aliyeshika ufunguo. Akinyamaza, aibu ya wenye ufunguo inakuwa yake, na hasira ya watu inaishia kwake. Nilimwambia hivyo. Alisema nina haki, lakini kwamba mimi sitafuti kura. Nami nikaona kuwa hilo pia ni kweli, na kwamba sisi wapiga kura ndio tuliomfundisha hivyo, kwa maana tunamwita mkubwa yule atoaye noti, na yule asemaye ukweli wa unyonge wake tunamwona si kitu.

Sehemu ya pili ya ubeti

Mwimbaji nilimpata karibu na soko la Kenya, mojawapo ya komini za mji wetu, ambako hutengeneza kinga, yaani baiskeli, siku za kazi. Alikuwa ameinamisha gurudumu na kuhesabu vijiti vyake. Nilimwomba anisamehe kwa makofi yangu, na alinitazama kama mtu asiyeelewa nimekosa nini.

"Mwalimu, noti ikija, wimbo unageuka. Ndiyo sheria yetu. Nisipogeuza, kesho hakuna atakayeniita kwenye kilio."

"Na ule ubeti ulikuwa na mwisho?"

"Una mistari minane."

Akauimba wote pale pale, kwa sauti ya chini, akipiga mdundo kwa bisibisi kwenye ukingo wa gurudumu. Sitauandika hapa, kwa kuwa ni wake na bado anatumaini kuuimba mbele za watu. Nitasema tu kwamba mstari wa sita ulizungumza juu ya karatasi ndogo za soko, zile ambazo mkusanyaji huchana kitabuni na kumpa muuzaji kila asubuhi. "Mama anaziweka," uliimba mstari huo, na mstari wa saba uliuliza nani mwingine anaziweka.

Nilisimama kwenye vumbi jekundu la barabara nikiwa nimeshtuka, kwa sababu mama huyo ninaye nyumbani.

Mke wangu huuza dagaa na unga wa mihogo. Hulipa faranga 500 kila siku anapotandika meza, na karatasi anayopewa huitia katika kopo la maziwa ya unga lililoko juu ya kabati. Nimeliona kopo hilo kwa miaka na nilidhani ni mazoea yake tu, kama wengine wanavyoweka vifungo vya nguo. Jioni ile tulilishusha na kulimwaga juu ya mkeka. Karatasi zilikuwa laini kwa kushikwa na zilinuka dagaa. Tulizipanga kwa miezi. Za mwaka mmoja peke yake zilikuwa 281, yaani faranga 140,500 kutoka meza moja. Nyingi zilikuwa na namba na muhuri. Lakini 63 zilikuwa na namba bila muhuri wowote, na kati ya hizo tulikuta namba moja imejirudia mara mbili, kwa siku tofauti, kwa mwandiko tofauti.

Mke wangu hakushangaa. "Ninyi wanaume mlikuwa mnaimba," alisema, "sisi tulikuwa tunahesabu."

Nilirudi kwa diwani kesho yake, nikiwa na karatasi 20 tu za mfano katika bahasha. Alizisogeza karibu na dirisha, moja moja, akaanza kunakili namba zake katika daftari la kijani. Umeme ulikatika akiwa kwenye ya tisa. Hakuinua kichwa, alimwita mwanawe alete simu, mtoto akamshikia mwanga, naye akaendelea. Alipomaliza aliniuliza kama ninaweza kumwachia kopo zima, ili aende nalo kwenye kikao cha baraza.

Nilisema hapana, na niliona jinsi uso wake ulivyoanguka, akidhani simwamini. Nikamweleza kwamba kopo si langu. Mwenyewe yupo, yuko mezani kwake tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kama baraza linataka kuliona kopo, itabidi limwone na yeye.

Alifikiri. Kisha akauliza, kwa sauti ya darasa la nne, kama mama angekubali kuja kusimama mbele ya watu na kusema.

Nilipompelekea mke wangu ujumbe huo alikuwa akichambua dagaa. Aliuliza ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu. Alisema Alhamisi ina wateja wachache, inafaa, na kwamba jirani yake wa meza ya kushoto ana makopo mawili, na mama wa mkaa ana mfuko mzima. Akaniomba nimtafute yule kijana wa kinga nimwulize kama siku hiyo ana kazi.